Ada Hukatwa, Hesabu Hazionekani

Makada wetu wanapojadili ubadhirifu katika vyama vya wafanyakazi hukimbilia tabia ya kiongozi mmoja mmoja. Sisi tunaona uchambuzi huo ni mfupi. NUTA ilipoundwa mwaka 1964, ada ilikatwa na mwajiri kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi, na Katibu Mkuu aliteuliwa na Rais. Kiongozi akawa hana haja ya kumwendea mwanachama, si kwa ada wala kwa kura. Manung'uniko yalizidi hata Rais akaunda Tume; taarifa yake ilitoka 1967. Mwongozo wa 1971, ibara ya 15, ukawakataza viongozi majivuno na ufujaji, lakini mkato ukabaki vile vile, JUWATA ikaurithi mwaka 1978.

Leo mwalimu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hukatwa asilimia 2 ya mshahara. Akilipwa shilingi 700,000, zinakwenda 14,000 kila mwezi, yaani 168,000 kwa mwaka. Anachokiona kwa macho ni fulana ya Mei Mosi (nayo huchuja upesi). Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hesabu za chama zikaguliwe kila mwaka, na mwanachama aruhusiwe kuzisoma. Haki ipo, anayeidai hayupo. Na mbadhirifu anaishi katika nafasi hiyo hiyo.

Darasani Mpanda tuliuliza nani amewahi kuomba hesabu hizo. Hakuna mkono ulioinuka. Ndugu mmoja akauliza kama inaruhusiwa.