Kilio cha Mwana katika Jumba la Sinema

Wahenga walisema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mzazi aonaye huruma kumrudi mtoto wake. Lakini ina maana ya pili iliyo karibu nayo, na kila mama aliyepata kumbeba mwana mbelekoni aijua bila kufundishwa. Mama anayechelea kilio cha mwanawe mbele za watu hujizuia kwenda penye ngoma, penye taarabu na penye picha. Mwana akilia, hulia kitambo kidogo akanyamaza. Mama aliyejizuia hukosa mwaka mzima, au miaka miwili, na pengine akisha kuizoea hali hiyo hasemi tena kwamba amekosa kitu.

Tangu miaka ya mwanzo ya karne hii, katika miji mikubwa ya Uingereza, Marekani na Kanada kumekuwa na maonyesho ya sinema yaliyowekwa mahsusi kwa wazazi wenye watoto wachanga. Hufanywa mchana, siku za kazi. Taa hazizimwi zote, sauti hupunguzwa, pahali pa kubadilishia nepi hutayarishwa, na aliyeketi kiti cha mbele hawezi kulalamika kwamba mtoto wa nyuma analia, maana ndiyo sharti aliloingilia. Maonyesho haya husifiwa kama uvumbuzi mpya, na ni haki yasifiwe. Hata hivyo, mtu wa Mabawa, au wa mtaa mwingine wowote wa Tanga, akiwauliza wazee wa kike waliokua zama za majumba ya sinema, huenda akaona kwamba jambo hili si geni pwani kama linavyodhaniwa. Suala hili lastahili kupimwa na wanafunzi wa fasihi, kwa sababu halihusu starehe tu. Linahusu swali la zamani la uhakiki: ni nani anayehesabiwa kuwa mtazamaji wa sanaa, na sanaa yadai nini kwake?

Tanga ilikuwa na majumba ya sinema yenye sifa, kama Majestic, Regal na Novelty, na filamu za Kihindi zilikuwa chakula kikuu cha majumba ya pwani. Desturi mojawapo ya miji hii ilikuwa kutenga maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyojulikana pia kwa neno lililotoka Bara Hindi, zanana. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya watazamaji na wenye majumba ya sinema katika miji ya Tanzania, ameyapa maonyesho hayo nafasi kubwa. Mwanamke ambaye heshima ya nyumba haikumruhusu kukaa gizani pamoja na wanaume wa kando aliweza kutoka mchana na jirani zake, buibui begani, na watoto wakimfuata. Mchanga hakuachwa nyumbani, kwa kuwa hakuna wa kumwachia: shangazi, dada na jirani wote walikuwa njia moja. Hivyo jumba likajaa kina mama na vilio vya watoto, na picha ikaendelea kuonyeshwa.

Hapa ndipo mhakiki wa kale angekunja uso. Amefundishwa kwamba sanaa yataka kimya, na kwamba ukumbi wenye kelele ni ukumbi wa wasiojua kutazama. Walakini kimya hicho si sheria ya sanaa zote. Ni desturi ya sanaa za mahali fulani na wakati fulani. Mtambaji wa hadithi wa pwani aanzapo kwa paukwa hangoji kimya, hungoja jibu. Asipoitikiwa pakawa hawezi kuendelea. Mwimbaji wa taarabu katikati ya wimbo hupokea tuzo kutoka kwa mtu aliyeinuka kitini na kupita mbele ya wote akicheza. Hakuna asemaye kwamba wimbo umeharibika. Bali asipoinuka hata mtu mmoja, mwimbaji hurudi kwake akiwa na huzuni. Mtazamaji aliyelelewa katika sanaa za namna hii alipoingia sinema hakuacha malezi yake mlangoni.

Na filamu za Kihindi za miaka ya 1950 zilimfaa mtazamaji huyo kwa umbo lake. Chukua mfano wa Mother India, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957, iliyopendwa mno. Hiyo ni kazi ya karibu saa tatu. Radha, anayeigizwa na Nargis, anaolewa katika nyumba iliyofungwa na deni la mkopeshaji Sukhilala. Mume anavunjwa mikono kwa jiwe, anaondoka kwa aibu, na mama anabaki na watoto na shamba. Gharika inamletea msiba wa kufiwa na mwana. Njaa inampeleka hadi mlangoni kwa yule mkopeshaji. Na mwishoni, mwanawe Birju akimteka binti wa watu siku ya arusi yake, Radha mwenyewe anampiga risasi. Mambo makubwa hayaelezwi mara moja tu. Deni hutajwa, likatajwa tena. Jembe na udongo hurudi kila baada ya kitambo. Na nyimbo za Naushad hukusanya maana ya tukio lililopita kabla tukio jingine halijaanza. Mama aliyeinama dakika tano kumnyonyesha mwanawe, akiinua uso, huikuta hadithi palepale ikimngoja. Wimbo umemfanyia kazi ya kiitikio katika hadithi zetu: umempa nafasi ya kupumua na kumrudisha njiani.

Lakini hoja haiishii kwenye umbo. Mtu aliyekaa peke yake kimyani huuona msiba wa Radha kama msiba wa mtu mwingine. Mama aliyempakata mchanga, gharika inapomletea Radha msiba wa mwana, humkumbatia wake kwa nguvu zaidi. Na yamkini mtoto, kwa kubanwa huko, akalia. Je, kilio hicho ni kero inayokatiza filamu? Au ndiyo filamu yenyewe imefika mwisho wa safari yake? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ikiwa kuna hadhira iliyostahili kuhukumu kama Radha alitenda haki alipoinua bunduki, basi ni ile iliyokuwa na watoto mapajani. Uhakiki uliohesabu watoto hao kuwa kelele umeitupa sehemu ya ushahidi wake.

Hata hivyo, mizani yataka haki pande zote mbili. Ziko filamu ambazo haziwezi kustahimili ukumbi wa namna hiyo, na kusema kinyume ni kuwapendelea kina mama kwa kuionea sanaa. Pather Panchali ya Satyajit Ray, iliyotolewa mwaka 1955, ni mfano ulio dhahiri. Baba anarudi kutoka safarini na zawadi, asijue kwamba binti yake Durga amekwisha kufa. Mama anaanguka kwa kilio, lakini sauti ya kilio hicho haisikiki. Mahali pake pamewekwa sauti kali ya ala ya muziki. Athari yote ya tukio hilo imesimama juu ya kutosikika kwa mama. Mtoto halisi akilia ukumbini wakati huo, kitu kimevunjika ambacho hakuna wimbo wa kukiunga. Kadhalika taa zikiachwa nusu, weusi wa picha hufifia, na filamu iliyochorwa kwa kivuli hupoteza nusu ya maneno yake. Kwa hiyo onyesho la wazazi si mahali pa kila kazi. Ni mahali pa kazi zenye upana wa kumpokea mtu ambaye macho yake yamegawanyika, na kazi hizo si haba wala si duni. Kazi ya mhakiki ni kuzitambua, si kudai kwamba zote ni sawa.

Liko jambo jingine lililo zito zaidi, na Tanga yenyewe yatoa kielelezo chake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na makao ya mradi wa filamu za mafunzo kwa Waafrika, ulioongozwa na Meja L. A. Notcutt, akisaidiwa na G. C. Latham. Fedha zilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na mradi ulisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misheni. Filamu zilitengenezwa, zikapakiwa garini, zikaonyeshwa uwanjani usiku katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kati. Zilihusu safura, akiba ya benki ya posta, kodi, na ngozi za ng'ombe. Katika maonyesho ya uwanjani mama mwenye mtoto hakukatazwa. Alikaa chini pamoja na wenziwe, na mwana akilia hakuna aliyejali, maana uwanja hauna kuta. Kwa sura ya nje, basi, hayo nayo yalikuwa maonyesho yaliyowapokea wazazi.

Tofauti i katika jinsi mama alivyotazamiwa. Watu wa Vugiri walimwalika kama mwanafunzi: aje ajue, arudi akatende. Mwenye jumba la sinema alimwalika kama mtazamaji: aje apendezwe, alie, ahukumu, na akitoka abishane na shoga yake njia nzima kama Nargis alifanya vema au vibaya. Mwenye jumba alitaka fedha, na hapana haja ya kumfanya kuwa mtakatifu. Walakini katika kutaka fedha zake alimpa mama heshima ambayo wafadhili hawakukumbuka kumpa, yaani heshima ya mtu mwenye ladha yake mwenyewe. Mawazo ya Vugiri hayajafa. Penye kliniki hata leo, penye televisheni ukutani na kina mama wamejipanga na watoto wao wakingoja mizani na chanjo, mama huonyeshwa yampasayo kujua. Mafunzo hayo yana faida, na mtoto aliyeokolewa na chanjo ni hoja isiyojibika. Lakini ikiwa mwaka mzima wa kwanza wa uzazi mama haalikwi mbele ya picha ila kufundishwa, basi jamii imemwambia kwamba tangu siku aliyojifungua si mtu wa sanaa tena, bali ni chombo cha kulelea.

Maonyesho ya wanawake nayo yalikuwa na kasoro zake, na sifa zisizifunike. Yalimtoa mwanamke nyumbani kwa kumtenga, na mlango uliofunguliwa alasiri ulithibitisha kwamba usiku umefungwa. Tena yaliacha ulezi wote juu ya mama. Baba hakuulizwa lolote. Katika jambo hili neno wazazi, litumiwalo na maonyesho mapya ya ng'ambo, ni hatua mbele. Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine mwaka 1966, ilipofunguliwa sinema ya magari. Humo baba, mama na watoto walikaa pamoja ndani ya gari lao, aliyesinzia akalala kiti cha nyuma, na aliyelia akalia mle mle garini bila kumkera jirani. Lilikuwa jibu zuri kwa aliyekuwa na gari. Kwa mke wa mvuja jasho wa mashamba ya mkonge halikuwa jibu.

Baadaye majumba mengi ya zamani ya pwani yalinyamaza. Kanda za video ziliipeleka filamu nyumbani, na Minou Fuglesang, katika utafiti wake juu ya Lamu uliotolewa mwaka 1994, ameonyesha jinsi wasichana na wanawake walivyokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi pamoja. Hapo mtoto mchanga alipata tena mahali pake, mkekani. Lakini nje ya nyumba, palipokuwa na jumba la sinema, pakaota kibanda umiza. Kibanda umiza kina fadhila yake: kiingilio chake ni kidogo, na humo ndimo ilimokua sanaa ya kufasiri filamu kwa Kiswahili, ambayo Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliifanya ipendwe. Ila ni mahali pa wanaume na vijana. Benchi halina mgongo, hewa ni nzito, na mama mwenye mchanga hapiti mlango ule. Kwa hiyo umma wa sinema ulipopata nafuu ya bei ulimpoteza mama, na hasara hiyo haikuandikwa popote, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimhesabu.

Kumrudisha hakuhitaji jumba la fahari. Mtaa kama Mabawa wahitaji ukumbi wenye madirisha na feni, mikeka mbele na viti nyuma, sauti iliyopunguzwa kwa kuhurumia masikio machanga, saa ya mchana ambayo chungu kimekwisha kuepuliwa, na mfasiri anayejua kungoja kilio kipite kabla ya kuendelea na maneno yake. Wahitaji pia mchaguzi wa filamu mwenye akili, atakayejua kwamba Mother India yafaa hapo na Pather Panchali ingoje jioni nyingine, ambayo baba atabaki na mtoto ili mama akaitazame gizani, kimya, kama ilivyokusudiwa. Jioni hiyo ya pili isisahauliwe, kwani anayempa mama sinema yenye vilio peke yake amempa nusu ya haki.

Nao wanafunzi wa fasihi wana lao la kufanya kabla muda haujapita. Wanawake waliokwenda maonyesho ya zanana na watoto mapajani sasa ni mabibi, na wengine wametangulia mbele ya haki. Wanayoyakumbuka juu ya filamu, walipolia, walipocheka, na waliyobishania njiani, ni uhakiki uliokwisha kufanywa na hadhira yenye ujuzi. Uliobaki haujaandikwa, na kila mwaka unapungua.