Pongezi kwa Wapaka Rangi wa Treni za Kompyuta
Wapo watu wanaokesha wakizipaka rangi mpya treni za michezo ya kompyuta, wengi bila malipo. Mbele yao ni picha bapa: ubavu wa behewa, paa na milango vimetawanywa kama vipande vya nguo kabla fundi hajashona. Kishikio cha mlango kiko wapi? Hutia doa jekundu, hufungua mchezo, hulizunguka behewa wakitafuta doa hilo, kisha hurudi kulisogeza. Mishale miwili ya British Rail, lililokuwa shirika la reli la Uingereza, nembo ya mwaka 1965, ikichorwa kwenye kipande kinachotumika pande zote mbili za behewa, upande mmoja hugeuka kinyume. Kazi huanza upya. Ukiona namba ya injini imekaa sawasawa, ujue kuna mtu aliyeisaka nafasi hiyo pikseli kwa pikseli. Anastahili shukrani.