Watoto Wetu Mbele ya Televizyo

Mtu asiseme kwamba Eklezya imechelewa katika jambo hili. Tarehe 1 Januari 1954 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaandikia maaskofu wa Italia juu ya televizyo, siku mbili tu kabla ya nchi ile kuanza kuitumia kila siku. Michezo mingine, alionya, ina watu wake. Hii inaingia nyumbani mbele ya watu wa kila umri. Kwetu Kongo ilianza Kinshasa mwaka 1966.

Basi, katika Katuba na Kenya tunaona nini? Watoto wanakaa chini mbele ya hadithi ndefu za Mexico na Brazili, zilizogeuzwa katika Kifransa. Wanafahamu nusu tu. Wanaona mwanamke analia, bwana anaondoka na motokari. Maneno yanayoeleza sababu yanawapita. Mama yuko inje anapika bukari. Hakuna wa kumwambia mtoto: «Yule ametenda vibaya.» Kwetu sisi hatari ni hapo, kuliko katika busu lile linalowaogopesha wakatekista.

Tulinganishe na kundi la Mufwankolo, wana wa Lubumbashi, waliocheza katika televizyo kwa Kiswahili cha kwetu. Mwaka 1986 walitunga mchezo mzima juu ya neno lile la kwamba utawala unaliwa mzima. Profesa Johannes Fabian akauandikia kitabu, kilichotoka mwaka 1990. Mchezo wa namna hii lupango lote linauelewa. Bibi anamtukana mwivi, baba anacheka kwa haya kwa sababu amejiona, na mtoto anatazama uso wa baba yake zaidi ya televizyo.

Si kusema kwamba ni katekismu. Pengine mlevi anachekesha mno, na kesho yake watoto wanamwiga. Lakini wanamwiga mbele ya watu wanaomjua mlevi wa kweli, na watu hao hawanyamazi.

Wengine kati yetu wanakataza tu. Mtoto aliyekatazwa anakwenda kwa jirani, na huko anatazama bila sisi. Tena mkatekista asiyetazama hata mara moja, atamwuliza nini? Afazali umeme wa SNEL unapokatika katikati ya hadithi: watoto wanaanza kubishana juu ya mwisho wake, kila mmoja na wake, na mkubwa aliye karibu anaweza kuuliza: «Na wewe, ungemjibu nini yule mama?»