Kabla ya Kiti cha Kulala, Launji

Mhudumu wa kaunta ya launji, ukumbi wa kupumzikia wa uwanja wa ndege, haangalii suti ya mtu wala begi lake. Anapokea pasi ya kupandia ndege, anaipitisha kwenye mashine, anasubiri mlio. Ndani ya ule mchoro wa vidoti na vistari, ambao IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, iliyataka mashirika wanachama yauhamie yote kufikia mwisho wa 2010, kuna jina la abiria, namba ya ndege, tarehe, kiti na herufi moja ya daraja analosafiria. Daraja la biashara kwa kawaida hubeba J au C, la kawaida hubeba Y. Herufi hiyo moja ndiyo inayofungua mlango, na mlio ukishasikika kompyuta imekwishaandika kwamba kuna mgeni mmoja wa kulipiwa.

Nani anamlipia? Katika kiwanja ambacho si nyumbani kwake, shirika la ndege mara nyingi huwa halina launji yake. Huingia mkataba na mwendeshaji wa launji ya hapo na kumlipa kwa hesabu ya vichwa. Nyumbani ndiko hujenga yake: Kenya Airways ina Pride na Simba pale Jomo Kenyatta, lakini abiria wake wa daraja la biashara akianzia safari kwenye kiwanja kidogo cha nje, hupelekwa kwenye launji ya mwenyeji. Kwa vyovyote, gharama ile imo ndani ya nauli. Msafiri anayeingia kwa mara ya kwanza akiwa na wasiwasi kwamba amekuja kula vya watu na aondoe wasiwasi huo. Amelipia, na fedha si kidogo. Kinachofaa kumshughulisha ni namna ya kuzitumia saa zake za kusubiri humo.

Haikuwa hivyo tangu awali. Launji ya kwanza ya uwanja wa ndege, Admirals Club ya American Airlines, ilifunguliwa katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, na aliyeingia alikuwa amealikwa na shirika. Hapakuwa na nauli iliyompa mtu haki ya kuingia. Baadaye uanachama ukawa wa kulipia. Daraja la biashara lenyewe lilikuja miaka ya 1970 kuelekea mwishoni, na hapo ndipo launji ilipogeuka kuwa kipande cha bidhaa inayouzwa, sawa na kiti chenyewe.

Na kama ilivyo kwa bidhaa yoyote, siku hizi imeanza kukatwa vipande. Mwaka 2019 Emirates ilianza kuuza nauli ya chini kabisa ya daraja la biashara ambayo haina ruhusa ya launji. Qatar Airways nayo ikaja na nauli yake ya Lite kwa mtindo huohuo. Kiti ni kilekile na chakula cha angani ni kilekile, lakini mlango wa launji umefungwa. Hapa ndipo wengi wa mara ya kwanza wanapoumia, kwa sababu mtu aliyetafuta tiketi ya bei nafuu kwa wiki kadhaa ndiye hasa anayeangukia nauli hizo. Jina la nauli lisomwe kabla ya kulipa, siyo neno "business" peke yake. Kama mtu anabadilisha ndege na kusubiri saa nne katikati ya usiku, tofauti ya bei kati ya nauli hiyo na inayofuata ipimwe kwa saa hizo nne.

Jambo lingine la mlangoni ni ndugu. Tiketi ya daraja la biashara humwingiza mwenye tiketi peke yake. Haki ya kuingia na mgeni hutokana na kadi ya ngazi ya juu ya msafiri wa mara kwa mara, siyo tiketi. Mume aliye mbele na mke aliye nyuma hawataingia pamoja kwa pasi moja. Mmoja atalazimika kulipia mlangoni, pale panaporuhusiwa. Ni heri lijulikane nyumbani kuliko kujadiliwa mbele ya kaunta.

Sasa chukua safari ambayo Waswahili wengi huifanya: Dar es Salaam kwenda Doha, kisha London. Kosa la kawaida ni kutumia nguvu zote kwenye launji ya kwanza. Mtu anafika Jengo la Tatu la Julius Nyerere saa nne kabla, anaingia launji, anajaza sahani, anarudia, anapiga picha, anapanda ndege akiwa ameshiba, halafu mhudumu wa ndege anamtandikia kitambaa cheupe na kumletea mlo ambao hawezi kuumaliza. Launji za kuanzia safari, hasa za mkataba, kwa kawaida ni ndogo na chakula chake ni cha kawaida. Zinahudumia mashirika kadhaa kwa pamoja. Boeing 787-8 ya Air Tanzania peke yake ina viti 22 vya daraja la biashara. Ndege mbili tatu kubwa zikikaribiana kuondoka, viti vya karibu na soketi huwa vimekwisha. Hapo inatosha saa moja: kuchaji simu, kuhakiki viza na anwani ya mwenyeji, kunywa maji, kula kitu chepesi. Safari ya Dar hadi Doha haifiki saa sita, na chakula chake angani kinastahili tumbo lenye nafasi.

Doha ndipo penye kazi.

Launji ya Al Mourjan ya Qatar Airways katika uwanja wa Hamad ilifunguliwa mwaka 2014. Ina ukubwa wa mita za mraba 10,000 na ghorofa mbili. Mwaka 2023 ikaongezwa nyingine, ya upande wa bustani iliyojengwa ndani ya uwanja. Anayeshuka kutoka Afrika Mashariki hupita ukaguzi wa mizigo ya mkononi, kisha hutokea kwenye ukumbi mkuu wenye sanamu ya dubu wa njano wa shaba, kazi ya msanii Urs Fischer, yenye urefu wa mita 7. Launji ile ya 2014 iko juu ya eneo hilohilo. Ukubwa wake humfanya mgeni aketi kwenye kochi la kwanza analoliona karibu na maji na asisogee tena. Ni hasara. Launji ya kitovu, yaani ya uwanja wa kubadilishia ndege, imejengwa kwa sehemu: pa kula, pa kuoga, pa kulala, pa familia, pa kufanyia kazi. Dakika tano za kwanza zitumike kuzunguka tu.

Kisha bafu, kabla ya chakula. Sababu yake ni mpangilio wa ndege. Vitovu vya Ghuba huendeshwa kwa mawimbi: ndege nyingi hutua ndani ya muda mfupi kutoka Afrika, Asia na kwingineko, abiria wanabadilishana, kisha nyingi zinaondoka karibu kwa pamoja. Launji hujaa na kupwa kama kivuko cha Kigamboni kinaposhusha watu. Vyumba vya kuogea ni vichache kuliko viti, na hugawiwa kwa zamu: unatoa pasi yako kwa mhudumu, unaandikwa, unaitwa kikipatikana. Anayejiandikisha mara tu anapoingia, akiwa mbele ya wimbi lake, hupata chumba kikiwa kimetoka kusafishwa, taulo nene zimekunjwa juu ya benchi, na nafasi ya kutandaza sanduku sakafuni na kutoa shati jingine. Anayekumbuka bafu saa moja kabla ya ndege huambiwa kuna foleni. Mafuta ya kujipaka, mswaki na nguo za kubadili ziwe kwenye begi la mkononi tangu Dar, kwa kuwa sanduku kubwa limeshapitilizwa hadi London.

Baada ya bafu, uamuzi mkubwa: kula au kulala? Hapa abiria kutoka Dar, Nairobi au Mombasa ana bahati ambayo haizungumzwi sana. Doha iko kwenye saa ileile ya Afrika Mashariki. Addis Ababa vilevile, na Istanbul vilevile. Ni Dubai tu iliyotangulia kwa saa moja. Ushauri mwingi kuhusu launji umeandikwa kwa Mzungu au Mmarekani ambaye mwili wake umevurugika, akila kifungua kinywa saa sita usiku. Mswahili anayetua Doha saa tano usiku, kwa mwili wake ni saa tano usiku. Akiwa na ndege ya saa nane usiku, ale hapo na alale angani. Akiwa na ndege ya asubuhi, aende moja kwa moja kwenye chumba cha utulivu, aweke kengele kwenye simu, na chakula kitamngoja alfajiri.

Hesabu ya kula chini na kulala juu imefanyiwa kazi kwa muda mrefu. British Airways kwa miaka mingi iliwaandalia abiria wa daraja la biashara pale New York mlo kamili launjini kabla ya ndege za usiku za kwenda London, kwa sababu safari yenyewe haitimizi saa saba kwa kawaida. Ukiondoa muda wa kupaa, mlo wa angani wa saa moja na nusu, na kifungua kinywa kabla ya kutua, usingizi unabaki saa tatu na ushei. Mlo ukiliwa chini, kiti kinalazwa mara taa ya mkanda inapozimwa. Doha hadi London ni karibu saa saba pia, kwa hiyo hesabu ni ileile. Anayelipa mamilioni ya shilingi kwa kiti kinacholala bapa, kisha akakesha akila, ametumia kile kiti kama meza.

Kuna pia suala la ulimi. Mwaka 2010 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, katika utafiti ulioagizwa na Lufthansa, iliwaketisha waonjaji ndani ya kipande cha ndege kilichowekwa kwenye chumba cha kupunguza mgandamizo wa hewa. Uwezo wa kuhisi chumvi ulishuka kwa asilimia 20 hadi 30, na wa sukari kwa 15 hadi 20. Hewa kavu hukausha pua, na harufu ndiyo nusu ya chakula. Samaki wa launjini ana ladha zaidi ya samaki yuleyule angani, hata kama mpishi ni mmoja.

Addis Ababa ina utaratibu wake. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kiasi kwamba hewa ya launji yenyewe haipishani sana na ile ya ndani ya ndege iliyopaa. Katika launji ya Cloud Nine ya Ethiopian Airlines, kahawa huandaliwa kwa desturi ya nyumbani: inachemshwa kwenye jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, na kumiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Ni kitu cha kukifuata kwa makusudi, na mwandishi huyu hangempitisha mgeni Bole bila kikombe hicho. Ila kahawa ile ni nzito. Kwa ndege ya usiku kwenda Ulaya, kikombe kimoja mapema, basi.

Linabaki lango. Launji nyingi kubwa hazitangazi ndege. Abiria anatakiwa kutazama skrini mwenyewe. Katika ukumbi A wa Dubai, ambao Emirates ilianza kuutumia 2013 kwa ajili ya ndege zake kubwa za A380, launji imekaa juu ya malango na abiria hupanda ndege akitokea humohumo. Lakini asidhani kila ndege ya Emirates iko hivyo: ikiondoka ukumbi mwingine, ni mwendo. Doha pia malango ya mbali yana treni yake ndani ya jengo, na kutoka Al Mourjan ya zamani hadi huko ni safari ya dakika kadhaa, ukijumlisha ngazi na kusubiri behewa. Mashirika ya Ghuba hufunga lango dakika 20 kabla ya kuondoka. Kwa hiyo muda wa kuinuka kwenye kochi ni saa moja kabla, siyo pale skrini inapoandika kwamba abiria wa mwisho wanaitwa.

Na saa isomwe vizuri. Tiketi huandika 01:45, ambayo kwa Kiswahili ni saa nane kasoro robo usiku, na tarehe yake imeshahama tangu saa sita usiku. Ndege ya 01:45 ya tarehe 15 hungojwa launjini usiku wa tarehe 14. Wapo wanaokata tiketi ya kuunganisha kwa mashirika mawili tofauti wakakosa kuliona hilo, wakafika siku nzima baadaye, na hapo mashine ya kaunta haitoi mlio wowote wa kumkaribisha mtu.