Pindo la Leso

Leso mpya huuzwa kwa doti, vipande viwili vimeungana, na kabla mwenyewe hajajifunga lazima apatikane mtu wa kuvitenganisha na kuvipinda. Mimi nilikuwa mtu huyo. Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilikaa kwenye baraza ya duka moja la nguo, Mtaa wa Biashara, Mombasa, nikikata doti na kupinda leso huku mteja akisubiri. Ndiyo kazi ya kwanza niliyolipwa maishani. Nikiulizwa nilisomea wapi, baraza ile huitaja kabla ya chuo.

Nilianza Disemba 1994. Nilikuwa nimemaliza Kidato cha Nne, matokeo hayakutarajiwa mpaka mwaka ugeuke, na mama hakutaka kuniona nikishinda maskani. Alikuwako fundi aliyemshonea nguo tangu ujana wake. Akanipeleka kwake asubuhi moja, akamsalimia, kisha akasema, "Fundi, nimekuletea mwanao." Hakusema mwanangu. Nikampa Fundi shikamoo yake, akaitika, akanitazama mikono kabla ya kunitazama uso. "Kesho aje mapema," akamwambia mama. "Na akate kucha. Ya kidole gumba aiache."

Nilidhani nitashona siku ile ile. Wiki nzima sikugusa uzi. Fundi aliivua sindano uzi wake, akachukua Taifa Leo kuukuu, akaniambia nifuate kijia cheupe kinachotenganisha safu mbili za habari, kuanzia juu ya ukurasa mpaka chini. Cherehani ya kukanyaga ina ukaidi wake. Usipolianzisha gurudumu kwa mkono na kuupokea mwendo kwa nyayo papo hapo, hurudi nyuma, na likirudi nyuma uzi hukatika. Kwa hiyo mguu hufundishwa kwanza, mkono baadaye. Kila jioni Fundi aliliinua gazeti langu dhidi ya mwanga wa barabarani, na vile vitundu vya sindano vikawaka mstari mzima. Palipokwenda kombo palionekana, hata kwa mtu aliyesimama mbali. Hakunikaripia wala hakunisifu. Alilikunja, akaliweka chini ya kiti, akanipa jingine.

Siku ya nane akatia uzi. Cherehani niliyopewa ilikuwa Singer nyeusi, nakshi zake za dhahabu zimefutika pale mkono unapopumzikia. Akanionyesha sindano, namba 14, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiangalia: sindano ya mkono, kama ya mama, tundu lake liko kichwani, ya cherehani liko karibu na ncha. Mmarekani Elias Howe alipata hataza mwaka 1846 kwa mashine yenye sindano ya namna hiyo, na ndiyo iliyowezesha mshono wa nyuzi mbili, mmoja ukishuka kutoka juu, mwingine ukitoka kwenye bobini chini, zikakabana ndani ya kitambaa. Hayo niliyasoma miaka mingi baadaye. Fundi aliyajua kwa masikio. Uzi wa juu ukilegea, mlio wa cherehani hubadilika kidogo sana, naye aliutambua akiwa amenipa mgongo, katikati ya mazungumzo na mteja. "Kaza," alisema, na kuendelea na habari yake.

Sasa nilieleze pindo lenyewe, maana watu wengi wamevaa leso maisha yao yote bila kuliangalia. Leso moja ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa 110. Kingo mbili ndefu zimefumwa kiwandani, hazitoi nyuzi. Zile mbili fupi ndizo zilizokatwa, na hapo kitambaa ni kibichi, kikifuliwa tu kinaanza kufumuka. Mwenye haraka hukunja mara moja na kushona. Kwa macho leso imepindwa, lakini ncha mbichi imebaki wazi upande wa ndani, na haupiti muda nyuzi zinachungulia. Pindo la haki ni mikunjo miwili. Unakunja upana wa punje ya mchele, unapitisha ukucha wa kidole gumba mpaka kitambaa kikubali, unakunja tena ili ncha mbichi izikwe ndani kabisa, ndipo unaingiza chini ya mguu wa cherehani. Hakuna pasi, hakuna pini. Vidole vya mkono wa kulia vinaviringisha mbele ya sindano, wa kushoto unapokea nyuma, na mshono unapita ukingoni mwa mkunjo, karibu sana lakini usianguke nje.

Penye mtihani ni pembeni. Pale ukingo uliofumwa unapokutana na mikunjo, kitambaa kinakuwa kinene ghafla, na sindano huruka au huvunjika. Unaacha kukanyaga. Unalizungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja, wa pili, wa tatu, kisha unageuza leso na kurudi juu ya njia ile ile kuufunga uzi. Fundi hakuwahi kukata uzi bila kurudi. Niliwahi kuhesabu: mishono minne kwa sentimita, 440 kwa ncha moja, na doti ina ncha nne, jumla 1,760. Yeye aliimaliza kazi hiyo mteja akiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi. Mimi mwanzoni nilihitaji nusu saa, na jasho.

Nimewahi kusikia watu wakisema hiyo si kazi. Rafiki zangu waliopata vibarua bandarini waliniuliza, "Kwani unapinda leso tu?" Neno hilo "tu" liliniuma siku zile, na hata sasa silikubali. Mteja anapochagua leso huangalia rangi, huangalia mji, yaani pale katikati, huangalia pindo lililochapishwa kuizunguka, na zaidi ya yote husoma jina, kwa kuwa leso ni usemi na yeye anajua anataka kumwambia nani. Pindo la fundi halimo katika uchaguzi huo. Hakuna anayelisifu mbele za watu. Lakini Kiswahili kimeliita neno lile lile, pindo, lile la mchoraji na lile la mshonaji, na mimi naona lugha imetenda haki ambayo macho hayaitendi.

Na leso yenyewe mwanzo wake ni mshono. Jina lake limetoka kwa Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walivinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakachukua kipande cha vitatu na kipande cha vitatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu, vikawa sita, wakajifunga. Baadaye wenye viwanda wakaona, wakaichapisha nguo nzima kwa mkupuo mmoja. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lile la alama ya Mali ya Abdulla, limekuwa Mombasa tangu 1887. Majina ya leso yalikuwa yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hayajaandikwa kwa hizi tunazotumia. Hayo yote ni ya wachapaji na wafanyabiashara. Lakini kabla yao alikuwepo mwanamke mmoja na uzi, na hilo hunipa furaha kila ninapolikumbuka.

Wiki ya tano nikaharibu. Alikuja mama mmoja wa makamo na bintiye, wamenunua doti nyekundu na nyeusi, wana safari ya Lamu. Mahali pa kukata ni kijia chembamba kati ya pindo la leso moja na pindo la nyingine. Kanuni ni kuilaza doti juu ya meza na kuinyoosha kwanza. Nilikuwa nimeshaona kazi nyepesi, nikaikata ikiwa imening'inia mkononi. Mkasi ukaenda upogo. Ukala pindo la leso moja kwa upana wa vidole viwili, na ya pili ikabakiwa na ukanda usio wake, umeota ubavuni.

Nilipoinua uso Fundi alikuwa ameshaona. Akasimama, akavua miwani. "Mama," akasema, "tumekuharibia."

Alisema *tumekuharibia*. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu mimi. Akaingia dukani, akatoka na doti nyingine ya jina lile lile, akaikata mwenyewe, akaipinda mwenyewe, akakataa ujira. Walipoondoka akaniwekea ile iliyoharibika mapajani.

"Hii yako. Utailipa kidogo kidogo. Ipinde."

"Lakini Fundi, imeshaharibika."

"Imekatwa vibaya," akasema. "Haijapindwa vibaya."

Niliipinda jioni ile watu wakifunga maduka, polepole kuliko nilivyowahi kupinda kitu, pande zote nne, pembe zote nane kwa mkono. Nilikatwa ujira wiki sita. Leso nikampelekea mama. Nilimweleza ilivyokuwa, nikitaraji pole au lawama. Aliifungua, hakutazama pale palipoliwa. Alipitisha kidole gumba pindoni kutoka pembe mpaka pembe, kama mtu anayesoma, akasema, "Imetulia." Tangu siku hiyo aliivaa hivyo hivyo, upande wa upogo ameutia ndani kiunoni, na mtu yeyote aliyekutana naye njiani aliona leso nzima.

Ramadhani iliangukia Februari mwaka ule, na wiki mbili za mwisho tulishona hata baada ya tarawehe kwa taa ya dukani. Baada ya Idi zikaja harusi, na sare za leso thelathini, arubaini, za jina moja. Miguu ikazoea. Nikaanza kushona nikiwaza mambo mengine, hali ambayo nadhani ndiyo mwanzo wa hatari kwa fundi yeyote, na kama si siku moja ya masika pengine ningebaki hapo.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, barabara tupu. Akaja kijana anayekimbia, ametota. Mkewe alikuwa hospitalini, uchungu umemshika usiku, na wauguzi wamemwambia alete leso. Alichukua doti mbili za kwanza alizoziona, hakusoma hata majina, akataka zikatwe aondoke nazo hivyo hivyo.

"Dakika kumi, mwanangu," Fundi akamwambia.

"Sina dakika kumi, mzee."

"Unazo. Nguo mbichi hutoa nyuzi. Uzi hujifunga kwenye kidole cha mtoto, mchanga hawezi kusema, na mama amelala. Kaa."

Kijana akakaa. Fundi akachukua doti moja, nyingine akanitupia mimi. Hatukusema kitu. Nilisikia cherehani yake na yangu zikikimbizana, mvua juu ya mabati, na yule kijana akipumua. Nilikuwa nimepinda mamia ya leso, lakini sikuwahi kufikiria kwamba ncha ile mbichi ingeweza kumdhuru mtu, wala kwamba mikunjo miwili badala ya mmoja ni kumkinga asiyejua kwamba amekingwa. Kila uzi niliukata karibu kabisa na kitambaa, nikapitisha kiganja kutafuta uliosalia. Pembeni nilizungusha gurudumu kwa mkono, nikarudi, nikafunga. Fundi alimaliza kabla yangu, akanisubiri, akaikagua yangu pembe kwa pembe mbele ya mtu mwenye haraka vile, kisha akazikunja pamoja na kuzitia ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Kijana akatoa pesa. Fundi akaurudisha mkono wake. "Ya mtoto haina hesabu."

Hakurudi kutuambia alizaliwa nani. Nikiwa Mombasa hupishana na watu wa miaka thelathini hivi, katika matatu, sokoni, msikitini, na kuna siku huwatazama vidole.

Sikuendelea na cherehani. Matokeo yalikuwa yametoka, mwaka uliofuata nikapata nafasi ya chuo cha ualimu, na Fundi akaniruhusu kwa moyo mweupe. Siku ya kuaga alinipa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Ninao mpaka leo. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, na baraza ile sasa ina fundi mwingine, mwenye cherehani ya umeme, anayepinda leso kwa kasi ambayo sisi hatukuiota. Nilisimama hapo mwaka jana nikamtazama. Anakunja mara mbili.

Leso ile ya upogo mama aliivaa mpaka rangi zikafa. Ikawa ya kujifungia jikoni, kisha ya kufungia vyombo safarini, kisha akaipasua, kipande kimoja kikapotea na kingine kikawa cha kupangusia. Nilimkuta nacho mezani nilipokwenda kumwamkia mara ya mwisho. Wekundu umekuwa kama maji ya chai, jina halisomeki, katikati kumekuwa wavu unaoonyesha upande wa pili. Nikakichukua mkononi mwake, nikatafuta pembe. Pindo lilikuwepo, mikunjo yote miwili, na mwishoni kabisa ile mishono mitatu ya mkono iliyorudi juu ya nyingine. Nilisimama nacho dirishani kwa muda, mpaka mama akanyoosha mkono akidai kitambaa chake, kwa kuwa meza ilikuwa bado ina maji.