Redio Isiyosikia Mbali

Redio ya gari iliyozima kabisa haimsumbui fundi. Fyuzi imekatika au waya umeng'oka, na kosa linajitangaza lenyewe. Inayompima ni redio inayosikia nusunusu. Dereva wa watalii akiwa Arusha mjini huipata ofisi yake kwa sauti safi. Madereva wakishatawanyika Serengeti kutafuta simba, wenzake wanamsikia, ila yeye hawasikii. Mfumo wa FM ndio unaouficha ugonjwa huu. Mawimbi yakifika na nguvu ya kutosha, sauti hutoka ileile, iwe redio ni nzima au imepoteza sehemu tisa kati ya kumi za usikivu wake.

Naupenda ufundi huu kwa sababu huanza kwa kufikiri, bisibisi ikiwa bado mezani. Antena na waya wake hutumika kurushia na kupokelea. Ikiwa wenzake wanampata dereva vizuri, huko nje hakuna kosa kubwa, na uchunguzi unahamia ndani. Asiye fundi kwa wakati huo ameshaanza kuzungusha viini vya koili vilivyopangwa kiwandani, na sasa redio ina magonjwa mawili.

Kisha kipimo. Jenereta ya mawimbi huchomekwa kwenye tundu la antena ikibeba mlio wa hezi 1,000, na nguvu yake hupunguzwa taratibu hadi mlio uanze kumezwa na mvumo. Redio nzuri ya VHF bado hueleweka kwenye maikrovolti 0.25 hivi: robo ya sehemu moja ya milioni ya volti! Sijawahi kuuzoea udogo huo. Ikidai maikrovolti 2.5, imepoteza desibeli 20. Na mtu yeyote asiguse kitufe cha kusemea wakati huo, maana wati 25 zikiingia kwenye jenereta huunguza kifaa cha thamani kubwa kuliko redio yenyewe.

Sasa inakuja hatua ninayoiona kuwa tamu kuliko zote. Fundi huhamisha mawimbi yale, kupitia kapasita ndogo inayozuia umeme wa betri, hadi kwenye mlango wa mixa, sehemu inayobadilisha masafa ya mawimbi. Katika redio nzima, kikuza mawimbi cha mbele huwa kimeshaisaidia mixa, kwa hiyo hapo mawimbi hutakiwa yawe makubwa kidogo kuliko kwenye antena. Redio ikisikia vyema zaidi kwenye mixa, basi kuna kitu katikati kinachoyala mawimbi: pengine diodi zinazobadilisha antena kati ya kurusha na kupokea, au transista ya kwanza iliyoguswa na radi, au lehemu iliyopasuka kwa mtikisiko wa barabara za changarawe. Mwaka 1944 Harald Friis wa Bell Labs alionyesha kwa hesabu uzito wa hatua ya kwanza ya redio, yaani kikuza hicho cha mbele. Kelele inayoingia hapo hukuzwa pamoja na sauti, na hatua zinazofuata haziwezi kuzitenganisha.

Kifaa kibovu kikishabadilishwa, redio hupimwa tena mezani, halafu ndani ya gari injini ikiunguruma, kwani kelele za alteneta zaweza kufunika kila kilichorekebishwa. Fundi ninayemheshimu huandika kipimo kipya na tarehe upande wa ndani wa kifuniko, ili atakayeifungua baada yake ajue pa kuanzia.