Nungunungu wa Baharini na Hesabu ya Malisho

Mpwa wangu, mzaliwa wa Masisi, mashariki mwa Kongo, anayeishi Brussels, amenunua tangi la maji ya chumvi na kupanda matumbawe ndani yake. Sasa muuza duka anamshawishi aongeze nungunungu wa baharini, yule mnyama wa mviringo aliyejaa miiba, amlie mwani unaochafua mawe. "Mjomba, hatanimalizia matumbawe?" Swali limenikuta mlimani, ambako bahari tunaijua kwa chumvi ya gunia tu. Lakini ni swali la mfugaji, na wafugaji hapa tupo.

Mgeuze mnyama huyo tumbo juu. Katikati utaona meno matano yaliyokutana ncha kwa ncha, yakishikiliwa na kiunzi ambacho wataalamu wanakiita taa ya Aristotle. Meno hayo hukua maisha yake yote, maana kila siku yanasagika. Ng'ombe hukata jani na kuacha shina. Huyu hukwangua jiwe lenyewe, mwani ukatoka pamoja na unga wa chokaa. Tumbawe changa, dogo kama ukucha, likiwa limeota katikati ya mwani huo, nalo huenda. Hakulitafuta. Amelikuta sahanini.

Je, anajenga au anabomoa? Waliolipima jambo hili kwa subira ni watafiti Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, pwani ya Kenya, kuanzia miaka ya 1980. Walilinganisha miamba inayovuliwa, kama ya Diani na Vipingo, na ile ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968. Kuhesabu peke yake hakukutosha. Walimtoboa nungunungu, wakampitisha uzi wa mshipi, wakamfunga mwambani, kisha wakarudi kuangalia kama bado yupo. Namna ganda lilivyovunjwa ilisema nani amemla. Ndani ya hifadhi waliliwa upesi, na mlaji mkubwa alikuwa kikande, samaki mwenye taya za kuponda magamba. Nje ya hifadhi kikande alikuwa ameshaishia kwenye mitego na kikaangoni, na nungunungu wakajaa.

Kisha likaja swali la chokaa. Utafiti wa Marina Carreiro-Silva na McClanahan, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba kwenye miamba inayovuliwa nungunungu hukwangua karibu gramu 1,180 za chokaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Kwenye hifadhi za zamani ni karibu gramu 50. Meno ni yale yale. Kilichotofautiana ni ukubwa wa kundi.

Basi tuwaondoe wote? Hilo nalo lilijaribiwa Kenya: palipoondolewa nungunungu, mwani uliota kwa fujo, hasa kwenye miamba ambayo samaki wanaokula mwani walikuwa wamevuliwa. Karibea ilipata jaribio lisiloombwa. Mwaka 1983 ugonjwa ulianzia Panama na kuua zaidi ya asilimia 90 ya nungunungu wa miiba mirefu. Jamaika mwani ukapanda juu ya matumbawe na kuyafunika. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana. Vita vya miaka ya 1990 vilipofagia ng'ombe wa Masisi, tuliona jinsi malisho yanavyogeuka kichaka.

Nikamjibu hivi: tangi lako halina kikande, kwa hiyo kikande ni wewe. Weka mmoja tu, na umwangalie. Mawe yakianza kuwa meupe, malisho yamekwisha. Mpe mwani mkavu, ule wanaofungia wali Wajapani, kabla njaa haijamfundisha tabia mbaya. Angalia na kinyesi chake, vipunje vinavyodondoka chini ya tangi: vikizidi weupe, anakula chokaa zaidi ya mwani.

Na kabila lake lina maana. Mwenye miiba minene kama kalamu simkubali kabisa. Ndugu zake wa Galápagos wanajulikana kwa kuguguna matumbawe hai. Wa miiba mirefu si mlafi wa matumbawe, ila usiku anapotembea huyaangusha kama fahali aliyeingia jikoni. Kwa tangi dogo namchagua Mespilia globulus, mdogo, wa miiba mifupi na mistari ya buluu.

Alimnunua huyo. Jana amenituma picha: nungunungu amepanda kioo, na kichwani amebeba kipande cha tumbawe kama kofia ya Jumapili. Ndivyo walivyo, hujifunika chochote kilicholegea. Tumbawe lenyewe zima, halina hata alama ya jino moja. Nimemwambia anunue gundi.